Kanga Isiyo na Pindo

Mbele ya kibanda cha fundi wa simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, pana benchi. Hili ninalolisema nimelibuni, na watu watatu wanaolikalia nimewabuni vilevile, lakini ugomvi wao sikuubuni mimi. Ulizaliwa San Francisco Jumatatu ya Juni 10, 2013, Apple walipoonyesha kwa mara ya kwanza iOS 7, mfumo endeshi wa iPhone uliovuliwa nguo zake zote za zamani. Ukalala miaka kumi na miwili. Ukaamshwa Jumatatu nyingine, Juni 9, 2025, walipotangaza iOS 26 na vazi jipya la kioo waliloliita Liquid Glass.

Fundi yuko ndani, bisibisi mkononi, taa ya mezani imemwinamia. Mchoraji ni binti anayepata riziki kwa kuchora sura za programu: kitufe kikae wapi, kiwe na rangi gani. Mama Katibu amestaafu. Alikuwa katibu muhtasi wizarani tangu enzi za taipureta na karatasi za kaboni, na simu aliyonayo kapewa na mwanawe. Mimi nipo pembeni na daftari, nachochea pale moto unapofifia.

FUNDI: Septemba 2025, apdeti ilipotoka, wateja walinijia hapa wakisema kioo kimekufa, maandishi hayasomeki. Nashika simu, nafuta, natazama: kioo kizima, tachi inaitika. Kumbe ni apdeti. Mimi kazi yangu kubadilisha vioo, lakini kioo kilichochorwa juu ya kioo, hicho spea yake sina.

MCHORAJI: Fundi nawe kwa chumvi! Ile si picha ya kioo tu. Kitufe kinapinda mwanga wa kilicho chini yake, kama glasi ya maji iliyowekwa juu ya gazeti. Ukisogeza ukurasa, nacho kinabadilika. Simu za zamani zisingeiweza hesabu ile. Na iOS 26 yenyewe inaanzia iPhone 11 kwenda juu.

MAMA KATIBU: Na gazeti, binti yangu, wewe hulisoma kupitia glasi ya maji?

MCHORAJI: Shikamoo kwanza mama, maana naona tutagombana.

MAMA KATIBU: Marahaba. Tugombane, ila kwa mpangilio. Anzia mwanzo.

MCHORAJI: iPhone ilitoka 2007. Watu wengi walikuwa hawajawahi kuendesha simu kwa kugusa kioo kitupu, basi Steve Jobs na wenzake wakafanya vitu vya ndani ya simu vifanane na vitu vya nje. Mahali pa kuandika palikuwa karatasi ya njano yenye mistari. Vitabu vilipangwa kwenye rafu ya mbao, na mishipa ya mbao unaiona. Michezo ilitandikiwa kitambaa cha kijani kama meza ya kamari. Programu ya kutafuta marafiki ilikuwa ya ngozi, imeshonwa, uzi unaonekana. Aliyesimamia hayo ni Scott Forstall. Jobs akafariki Oktoba 2011. Septemba 2012 wakatoa ramani zao zilizopotosha watu, Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, akaomba radhi hadharani, na Oktoba 29 ikatangazwa kwamba Forstall anaondoka. Sura ya programu akakabidhiwa Jony Ive, ambaye mpaka hapo alijulikana kwa kuchora umbo la vifaa vyenyewe, bati lake na kioo chake. Ilipita miezi saba na kitu, ngozi nje, mbao nje. Craig Federighi, mmoja wa wakubwa wa Apple, alisimama jukwaani akatania kwamba kitambaa cha kijani kimewaishia.

MAMA KATIBU: Kumbe ni kesi ya mirathi. Mzee kafariki, ndugu wamegombea nyumba, na aliyeipata kapaka chokaa kila ukuta isionekane alama ya mkono wa mwenzake.

Mfano huo nimeupenda, ingawa hautoshi. Kikokotoo cha iPhone za mwanzo kiliiga kikokotoo halisi cha Braun, ET66 cha mwaka 1987, kazi ya Dietrich Lubs na Dieter Rams. Na Rams ndiye Mjerumani ambaye Ive hamalizi kumsifu. Ilipofika zamu yake ya kufagia, Ive alifagia hata kivuli kilichobaki cha mtu anayemwona mwalimu wake. Chuki ya ofisini haielezi jambo kama hilo. Alikuwa na imani: kwamba watu wamekwisha kuijua simu, na sasa magongo yanaweza kuondolewa.

MCHORAJI: Na walikuwa wamekwisha kuijua kweli! Miaka sita. Halafu, mama, zile mbao zilikuwa picha. Picha iliyochorwa kwa kioo cha ukubwa huu haikai vizuri kwenye kioo cha ukubwa ule, unachora tena na tena. Mwaka 2012 simu ikarefuka ikafika inchi 4, mwaka 2014 zikaja za 4.7 na 5.5. Rangi bapa na mstari mwembamba mashine inavichora yenyewe kwa hesabu, kwa ukubwa wowote. Microsoft walilijua hilo mapema, Windows Phone ya 2010 ilikuwa bapa tayari. Na kuna jambo hamlisemi nyie mnaolilia ya zamani. Ile ngozi, kile kitambaa cha kamari, ile karatasi ya njano: ni vitu vya nyumbani kwa nani? Bibi yangu kule Newala meza ya kamari kaionea wapi? Inasimuliwa kwamba ngozi ya kalenda yao iliigwa kwenye ndege binafsi ya Jobs. Walidhani wanaiga dunia, wakaiga samani zao.

FUNDI: Hapo umempata.

Mama Katibu hakujibu mara moja. Alishika ncha ya kanga aliyojitanda begani akaikunjua juu ya magoti, kama mtu anayefungua ramani.

MAMA KATIBU: Amenipata, lakini pembeni. Tazama hii. Ina pindo limezunguka pande zote, ina mji hapa katikati, ina jina hapa chini. Kwenye mji wanaweza kuweka korosho, wanaweza kuweka kuku na vifaranga, nikapenda nisipende. Hiyo ndiyo ngozi yako na mbao zako. Itoe, weka nyingine, sina ugomvi. Lakini pindo lina kazi. Kanga inauzwa doti, mbili zimeshikana. Anayezitenganisha anafuata pindo. Bila pindo hajui moja inaishia wapi na ya pili inaanzia wapi. Sasa niambie, huyo bwana Ive alipoondoa kuku na vifaranga, pindo aliliacha?

Mchoraji alitazama barabarani. Jibu analijua, na kila aliyeishika simu ile mwaka 2013 analijua. Kabla ya hapo kitufe kilikuwa na umbo: ukingo, mteremko mdogo wa rangi, kivuli chembamba chini yake. Unakiona kimetuna, kidole kinakifuata. Baada ya hapo vitufe vingi vikawa neno tupu la bluu lililokaa juu ya weupe. Waliondoa mji, wakaondoa pindo, wakabakiza jina.

Chukua ule mlango wa kufungulia simu, maana ndio uliowatambulisha mamilioni kwa iPhone. Zamani palikuwa na mfereji, na ndani ya mfereji kitelezi chenye mshale. Hata asiyejua herufi alijua kitu kile kinasukumwa, na kinasukumwa kuelekea wapi, kwa sababu mfereji ulikuwa mtupu upande mmoja tu. Katika iOS 7 mfereji ulitoweka na kitelezi kikatoweka. Yakabaki maneno matatu ya Kiingereza yanayometameta juu ya picha yako, na kimshale kidogo kando yake. Pale chini kabisa kukawekwa alama nyingine, ya kuvuta kidirisha cha tochi na sauti kutoka chini kwenda juu. Alama mbili, pande mbili, hakuna ukingo hata mmoja. Anayesoma Kiingereza hakupoteza kitu, pengine alipata na wasaa wa kuitazama picha ya mwanawe. Kwa anayetumia simu iliyo katika lugha asiyoisoma, umbo ndilo lililokuwa maandishi yake. Wengi wa tunaotumia Kiswahili tumeishi hivyo na simu zetu kwa miaka, tukikumbuka mahali na umbo, neno likifuata baadaye kama likifuata.

MCHORAJI: Mama, kubali na wewe kidogo. Rangi ya bluu ndiyo iliyokuwa pindo. Bluu maana yake bonyeza. Mtu anajifunza kwa wiki moja. Siku tano baada ya kutoka, Apple walisema vifaa zaidi ya milioni 200 vinaendeshwa na iOS 7. Wangekuwa wameshindwa kuitumia tungesikia kilio dunia nzima.

FUNDI: Hizo usizihesabu kama kura. Simu inakuuliza usiku, unabonyeza ndiyo ili ikuache ulale. Asubuhi ukitaka kurudi, mlango haupo. Mfumo wa zamani hauingii mpaka seva za Apple ziutie saini, na mpya ukishatoka, haupiti muda wanaacha kuusaini wa zamani. Mtu ananiambia, fundi, niflashie ile ya mwanzo. Namwambia kaka, hata ukinipa mshahara wako wa mwaka. Iko ile iPhone 4 ya mwaka 2010, iliruhusiwa kupanda iOS 7, ikawa inatambaa. Mpaka 7.1 ya Machi 2014 ndipo ikanyanyua miguu kidogo. Ningekuwa na dawa ya kurudisha, leo nina ghorofa Kigamboni.

Suala la urembo halimhusu sana Fundi, na nadhani ndiyo maana ananena la maana kuliko wengi wanaoandika juu ya urembo. Nyumba ikipakwa rangi usiyoipenda unahama. Hapa mwenye nyumba anapaka rangi ukiwa umelala, anahamisha na swichi za taa, kisha anachukua funguo za nyumba uliyotoka.

Nikaona niweke mezani masahihisho, kwa sababu historia ya iOS 7 imo katika masahihisho yake kuliko katika ile siku ya jukwaani.

MIMI: Katika majaribio ya mwanzo herufi zilikuwa nyembamba kama unywele, kabla mfumo haujatoka wakazinenepesha. Ukatoka Septemba 18, 2013. Ukifungua programu, kioo kizima kinakurukia usoni, picha ya nyuma inaelea unapoinamisha simu. Baadhi ya watu wakapata kizunguzungu na kichefuchefu, hasa wenye matatizo ya sikio la ndani. Oktoba 22 toleo la 7.0.3 likaruhusu mruko huo ubadilishwe kwa mfifio wa taratibu. Machi 2014, katika 7.1, likaongezwa chaguo la kurudishia vitufe umbo lake.

MAMA KATIBU: Pindo.

MIMI: Pindo, kwa atakayeliomba.

MCHORAJI: Na mimi hilo nalihesabu kuwa sifa. Kampuni iliyosikia ikarekebisha. Hakuna mchoro unaotoka sawa mara ya kwanza.

MAMA KATIBU: Wizarani barua ikinitoka na makosa matatu, bosi hakunisifu kwa kuyasahihisha waziri akishaisoma. Taipureta haikuwa na huruma. Ukikosea, unakosea pamoja na kaboni zote nne. Ndiyo maana tulisoma kabla. Na hao wenye kizunguzungu hawakuwa siri, binti yangu. Hata daladala linawajua, wanaomba kukaa mbele.

Hapo mazungumzo yalitawanyika kidogo. Fundi alikuwa na mteja wa chaji. Mama Katibu akataka kuambiwa mbona, pamoja na chokaa yote ile, alama ya kupigia simu imebaki mkono wa simu ya mezani, kitu ambacho wajukuu wake hawajakigusa maishani. Mchoraji akacheka, akamwonyesha kingine: alama ya ujumbe wa sauti, viduara viwili vilivyounganishwa kwa mstari. Ni mikanda ya tepu. Chombo kimekufa zamani, alama inaishi, wala hakuna aliyethubutu kuigusa.

MCHORAJI: Haya, nikubali nusu. Mwaka 2014 Google walipotoa Material Design, nao walikwenda bapa, lakini kivuli walikiacha kwa makusudi. Walifikiria karatasi zilizopandana, iliyo juu ina kivuli, iliyo chini haina. Tulifundishana hivyo sote. Kwa hiyo ndiyo, iliwezekana kutoa ngozi ukabakiza ukingo.

MAMA KATIBU: Si ndiyo ninalolisema? Kivuli hakina kabila. Jua linakitoa hapa, linakitoa na huko Cupertino kwao Apple. Bibi yako wa Newala meza ya kamari haijui, lakini kilichotuna na kilichobonyea anavijua kuliko wewe. Kapeta mchele maisha yake yote, mkono wake unatofautisha.

Mchoraji akatoa simu yake mwenyewe, yenye iOS 26, akampa. Nadhani alitaka kumaliza ugomvi kwa uzuri, maana uzuri upo. Vitufe vinang'aa kama matone. Ukivuta ukurasa, rangi za picha zinapita ndani yake zikivunjika pembeni. Apple wana historia na kitu hicho: sura ya Aqua ya kompyuta zao, iliyoonyeshwa Januari 2000, nayo ilikuwa ya majimaji yanayomeremeta, na ule weupe wa Ive wa 2013 ulikuwa na vioo vya ukungu vilivyopandana. Mama Katibu aliigeuzageuza, akaisogeza mbali na macho, akairudisha.

MAMA KATIBU: Ni nzuri. Pindo limerudi, ila limerudi la nailoni.

MCHORAJI: Hapo sina cha kukujibu, mama. Sisi tuna kipimo. Maandishi ya kawaida na mandhari yake yanatakiwa yatofautiane kwa mwanga angalau 4.5 kwa 1, ndipo wenye macho hafifu wasome. Kwenye ukuta mweupe nakuahidi. Kwenye kioo siwezi, kwa sababu chini ya kioo mteja ataweka picha yoyote: harusi, theluji, ng'ombe mweupe. Katika miezi ya majaribio waliongeza ukungu, wakaupunguza, wakaugusa tena. Novemba, katika 26.1, wakatoa chaguo la kukifanya kioo kiwe kizito zaidi. Desemba Alan Dye, aliyeongoza uchoraji wa sura hiyo, ikajulikana anahamia Meta.

MAMA KATIBU: Kapaka, kahama.

FUNDI: Na chaguo lenyewe liko wapi? Kwenye mipangilio huko ndani. Mimi nalijua kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Siwezi kujifanya mwamuzi asiye na upande. Niko na Mama Katibu, ingawa simu zenye mishono ya ngozi sizililii, zilikuwa na kitu cha duka la zawadi za harusi. Naona mapambo ya mji na pindo huchorwa na mikono ileile, katika meza ileile, kwa hiyo ni rahisi kuyatupa pamoja bila kuona. Tena siku ya jukwaani pindo halipigiwi makofi. Hakuna umati uliowahi kusimama kwa sababu kitufe kinaonekana kuwa kitufe. Kwa hiyo mara mbili, 2013 na 2025, mapambo yametangulia kwa shangwe, na pindo limefuata miezi michache baadaye kwa mlango wa nyuma, ndani ya mipangilio, likiwasubiri wenye fundi.

Mchoraji alinisikia nikiyasema hayo na hakupendezwa. Alisema mimi nalaumu chombo nilichokwisha kukizoea, kwamba mwaka 2014 wengi waliolia 2013 walikuwa wameshasahau walichokililia, na kwamba leo ukimpa mtu iOS 6 atacheka. Ni kweli atacheka. Hata mimi ningecheka. Nikamuuliza kama hao waliosahau ni pamoja na walioacha kabisa kujaribu, wale wanaompa mjukuu simu kila wanapotaka kutuma pesa. Akasema hao hajawahi kuwahesabu.

FUNDI: Mama, lete simu yako hapa dakika moja.

Aliingia kwenye mipangilio, akashuka mpaka penye mambo ya ufikivu, akafungua ukurasa wa maonyesho na ukubwa wa maandishi, akateremka tena, akawasha kimoja. Hatua nne, nilizihesabu. Akamrudishia. Mama Katibu akavaa miwani, akafungua programu anayoitumia kila siku, akakaa kimya akipitisha kidole bila kugusa. Chini ya maneno kadhaa palikuwa pameota mistari.

MAMA KATIBU: Hili lenye mstari ni nini?

MCHORAJI: Ni kitufe, mama. Bonyeza.

MAMA KATIBU: Na hili?

MCHORAJI: Hilo pia.

MAMA KATIBU: Limekuwa kitufe tangu lini?

MCHORAJI: Siku zote.

MAMA KATIBU: Mwaka mzima mimi nadhani ni kichwa cha habari.